Ndoa ya Mshindi: Ridhaa Hutoka Wapi?

Wahenga walisema kwamba hiari yashinda utumwa. Methali hii twaifundisha mara nyingi, na wanafunzi huikariri upesi kwa kuwa maana yake yaonekana wazi: afadhali jambo ulitendalo kwa kupenda kuliko lile ulitendalo kwa kusukumwa. Hata hivyo, yako mambo ambamo hiari na shuruti huchanganyika hata ikawa vigumu kuvitenga. Mojawapo ni ndoa baina ya mshindi wa vita na binti wa watu walioshindwa. Katika makala haya nakusudia kuichunguza ndoa ya namna hiyo. Nitaanza na sinema moja ya Kihindi, nitapita Unguja, kisha nitarejea hapa Malawi, katika wilaya ya Dowa, yalipo makazi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Sinema yenyewe yaitwa Jodhaa Akbar. Ilitolewa mwaka 2008, na mwongozaji wake ni Ashutosh Gowariker. Ni kazi kubwa yenye urefu wa saa tatu na nusu hivi, imejaa majeshi, tembo, ngome na muziki wa A. R. Rahman. Hrithik Roshan anaigiza Mfalme Akbar, na Aishwarya Rai anaigiza Jodhaa. Kisa chake, kwa ufupi, ni hiki: Raja Bharmal wa Amber, akiogopa nchi yake isiangamizwe, anamtolea mfalme kijana binti yake amwoe. Jodhaa, aliye Mhindu, anatakiwa kuolewa na Mwislamu asiyemjua, mkuu wa majeshi yaliyowatisha ndugu zake. Kabla ya harusi anamwita mfalme hemani kwake na kumpa masharti mawili: asilazimishwe kuacha dini yake, na ajengewe hekalu dogo ndani ya kasri. Mfalme anayakubali mbele ya watu. Baadaye, baada ya fitina za kasri na kutengana, wawili hao wanapendana kweli.

Niliitazama sinema hii pamoja na wanafunzi wangu wa Kiswahili mjini Lilongwe, baadhi yao wakiwa Wamalawi na wengine wazaliwa wa Kongo na Burundi. Wavulana walisifu vita, na wasichana wengi walisifu mapenzi. Msichana mmoja tu aliuliza swali ambalo halikuwa katika orodha yangu: “Mwalimu, na kama Jodhaa angekataa?” Darasa lilikaa kimya. Swali hilo ndilo kiini cha makala haya, na naamini kwamba mtu asiyelijibu hawezi kusema kama ndoa ile ilikuwa ya hiari.

Tuanze na historia, kwa maana vyaelea vimeundwa, na sinema nayo imeundwa. Akbar alishika ufalme mwaka 1556 akiwa na umri wa miaka 13. Ndoa ya mwaka 1562 ilifungwa Sambhar, wakati Bharmal alipokuwa akiandamwa na liwali mmoja wa Kimughali na kutafuta kinga kwa mfalme mwenyewe. Jambo la ajabu ni kwamba jina la bibi harusi hatulijui kwa yakini. Abu'l Fazl, mwandishi wa kasri, anamtaja kama binti wa Bharmal tu. Jina la Jodha alipewa na simulizi za baadaye, na sinema ilipotoka wako Warajputi huko Rajasthan waliolipinga hadharani. Lililo hakika ni cheo alichopewa, Mariam-uz-Zamani, na kwamba alikuwa mama wa Jahangir aliyerithi ufalme. Alikuwa pia mwanamke wa biashara: merikebu yake, Rahimi, ilinyakuliwa na Wareno katika Bahari ya Hindi mwaka 1613. Basi huyu hakuwa mwanasesere wa kasri. Hata hivyo, mwandishi aliyeandika kurasa nyingi juu ya tembo wa mfalme hakuona haja ya kuliandika jina lake.

Haifai kuukana wema uliofuata. Mwaka 1563 Akbar aliifuta kodi ya mahujaji wa Kihindu, na mwaka 1564 akaifuta jizya. Ndugu za mkewe walipanda vyeo wakawa majemadari wakuu. Wenye kuitetea ndoa ile husema kwamba kitanda kimoja kiliokoa mashamba elfu moja yasichomwe. Lakini sinema yaishia mapema. Miaka sita baada ya harusi, Februari 1568, Akbar aliiteka ngome ya Chittor, katika nchi ya Mewar ambayo watawala wake walikataa kumpa binti na kumtii. Abu'l Fazl mwenyewe anakadiria kwamba waliouawa baada ya ngome kuanguka walikuwa 30,000 hivi. Hapo ndipo swali la msichana wangu linapopata jibu. Amber ilisema ndiyo, Mewar ikasema hapana, na sote twaona hapana ile iligharimu nini. Jodhaa hakuhitaji kutishwa na mtu, maana tishio lenyewe lilikuwa limesimama nje ya hema likiwa na tembo na mizinga.

Nasema, basi, kwamba ndiyo ya mtu haiwezi kupimwa kwa kuitazama yenyewe. Hupimwa kwa kuuliza: lau angesema hapana, ingemgharimu nini, na nani angelipa? Ikiwa gharama ni huzuni ya mposaji na maneno ya majirani, basi ndiyo ile ni yake. Ikiwa gharama ni damu ya baba yake na njaa ya wadogo zake, basi ndiyo ile imetoka kinywani mwake lakini mwenyewe ni mtu mwingine.

Lugha yetu yatusaidia hapa. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mzazi huoza. Tukisimulia kisa cha Amber kwa sarufi hiyo, twapata kwamba Bharmal alioza, Akbar alioa, na binti aliozwa akaolewa. Katika vitenzi hivyo vyote yeye ni mtendwa. Wachewa nao husema vivyo hivyo: mwanamume hukwatira, mwanamke hukwatiwa. Lakini lugha zote mbili zina umbo la nne. Sisi twasema kuoana, wao husema kukwatirana, na umbo hilo halikubali mtendwa. Lataka watenda wawili. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iumbayo maadili. Nasema tu kwamba wazee waliotuachia lugha hizi walijua kuwa kuoa na kuoana ni mambo mawili. Ndoa ya mshindi ni kuoa. Swali ni kama yaweza kuwa kuoana, na kwa njia gani.

Sinema yadokeza jibu lake katika yale masharti mawili. Anayeweza kuweka sharti hajashindwa kabisa. Lakini sharti la Jodhaa lilikuwa na nguvu kwa kuwa nyuma yake palikuwa na watu: baba aliye hai, ndugu wenye farasi, na ukoo ambao mfalme aliuhitaji kwa vita vyake. Tumwondolee watu hao, na sharti lake litakuwa ombi. Ili kulithibitisha hili tuhamie Unguja, ambako nyumba moja ya mfalme yatuonyesha wanawake wawili waliokuwa na hali hizo mbili.

Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alikuwa mtawala wa Omani na Unguja, na mwaka 1837 aliitia mkononi Mombasa baada ya mapambano ya muda mrefu na akina Mazrui. Binti yake, Seyyida Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, alieleza maisha ya nyumba hiyo katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Mama yake Salme aliitwa Jilfidan, Mcherkesi. Wazazi wake waliuawa akiwa mtoto, naye akachukuliwa, akauzwa, hata akafika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa bado mdogo. Akawa suria. Salme aeleza kwamba baba yake alimtendea mama yake kwa upole na heshima, wala hatuna sababu ya kumkanusha. Lakini katika nyumba hiyohiyo alipata kuwapo mke wa ndoa, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Huyu alikuja na watu wake, alipanda farasi na kwenda kuwinda, na alitumia mali apendavyo. Mambo yalipoharibika aliachwa, akarudi kwao.

Alirudi kwao! Maneno hayo mawili ndiyo yatenganishayo hali ya wanawake hao. Mwajemi alikuwa na kwao; Jilfidan hakuwa na kwao tena, kwani wazazi wake waliuawa. Mwanamume alikuwa yuleyule, na pengine upole wake ulikuwa uleule. Hivyo twajifunza kwamba upole wa mwenye nguvu ni jambo jema, lakini si badala ya ridhaa. Mtu aweza kumtendea mateka wake vyema maisha yake yote, na mateka asiwahi hata siku moja kuulizwa. Lugha yetu, kwa haki yake, haikuwaita wote mke. Ilimwita mmoja mke na mwingine suria.

Yasimuliwa pia kwamba Seyyid Said alimposa Malkia Ranavalona wa Madagaska, katika miaka ya 1830, naye malkia akakataa. Hakuna merikebu iliyotumwa kumwadhibu. Posa ile ilikuwa posa ya kweli, kwa sababu aliyeposwa aliweza kuikataa na kesho yake akaendelea kutawala.

Sasa turejee Malawi. Wangoni wa Zwangendaba, waliotoka kusini katika misukosuko ya zama za Shaka, walivuka mto Zambezi mwaka 1835. Walipanda hadi Ufipa, na baada ya kiongozi wao kufariki huko waligawanyika. Wengine walielekea Songea, wengine wakarudi kwenye nyanda zilizo magharibi ya Ziwa Nyasa. Hapa Dowa aliketi Chiwere Ndhlovu na watu wake kati ya Wachewa, na jina la Chiwere lingaliko katika utawala wa jadi wa wilaya hii. Wangoni walichukua ng'ombe, nafaka, vijana wa kuingizwa jeshini, na wanawake.

Kwa Wachewa, ndoa haikuwa jambo la watu wawili. Kila upande ulikuwa na nkhoswe, yaani mjomba au ndugu mkubwa anayesimama kuizungumzia ndoa, kuishuhudia, na kuulizwa pindi ikiharibika. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, na mume mara nyingi alihamia kijiji cha mkewe. Wangoni walihesabu ukoo kwa baba, na mtoto alifanywa wa baba kwa ng'ombe wa mahari. Lakini mwanamke aliyetekwa, ng'ombe wake wangepelekwa kwa nani? Mjomba wake alikuwa ameuawa, au amekimbilia milimani, au ni mateka mwenziwe. Nkhoswe hakuwapo. Kwa desturi ya Wachewa hapakuwa na ndoa. Kwa desturi kamili ya Wangoni pia hapakuwa na ndoa ya mahari. Palikuwa na nguvu tu, na baadaye watoto.

Watoto hao walinyonya lugha pamoja na maziwa. Katika vizazi vichache Wangoni wa Malawi ya kati wakawa wasemaji wa Chichewa, na wale wa kaskazini, kwa Mbelwa, wakawa wasemaji wa Chitumbuka. Kingoni cha asili kikabaki zaidi katika nyimbo, ngoma na majina ya kujisifu. Hata Kingoni cha Songea leo ni lugha iliyokua katika ardhi ya wenyeji. Wako wasemao kwa tabasamu kwamba wanawake waliotekwa ndio walioshinda mwisho wa yote, kwa kuwa mkuki ulimshinda baba lakini ulezi ukamshinda mwenye mkuki.

Sisi walimu wa lugha twavutwa sana na hoja hii, nami naipenda. Lakini tuipime. Kwanza, ushindi usiokusudiwa na aliyeupata ni ushindi wa nani? Mama aliyemwimbia mtoto kwa Chichewa hakuwa akipanga kisasi. Alikuwa akimbembeleza mtoto kwa lugha aliyokuwa nayo. Pili, matokeo mema hayaoshi chanzo kiovu. Watoto hawana hatia, na lugha yao ni halali, na hakuna apaswaye kuionea haya asili yake. Lakini uhalali wao haugeuki kuwa hati ya kuhalalisha siku ile kijiji kilipochomwa. Kumpenda mjukuu hakututaki tusahau jinsi bibi alivyoletwa.

Huenda msomaji akaniambia: “Kwa kipimo chako, bibi zetu wengi hawakuoana, kwani waliozwa na baba zao bila kuulizwa.” Pingamizi hili ni zito. Jibu langu ni kwamba desturi ya posa, pamoja na kasoro zake nyingi, ilijua neno hapana. Mshenga aliweza kurudishwa. Mahari yaliweza kukataliwa. Binti aliweza kukimbilia kwa shangazi, naye shangazi akamsemea. Katika sheria ya Kiislamu ndoa ina walii na mashahidi, na kwa Wachewa ina ankhoswe. Makusudi ya watu hao wote ni kwamba mwanamke asisimame peke yake mbele ya mtu amtakaye. Pale walipomkandamiza badala ya kumsemea, walivunja amana yao. Bali mshindi wa vita haivunji amana hiyo: huiondoa kabisa, kwa kuwa amewaua au amewatawanya walioishika. Napoleon alipomwoa Marie Louise wa Austria mwaka 1810, baada ya kuishinda Austria mwaka 1809, bibi harusi alikuwa angalau na baba mwenye taji. Mateka wa Dowa hakuwa na mtu.

Kwa hiyo ridhaa haitoki moyoni peke yake. Moyo wahitaji mahali pa kusimama. Mwenye watu, chakula na njia ya kurudi aweza kusema ndiyo tukamwamini.

Tulitazame basi jambo hili Dzaleka. Mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika utawala wa Dakta Banda, na tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Waliopo sasa wanazidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 Serikali iliwarudisha hapa wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na miji mingine, na nafasi ikazidi kuwa finyu. Katika umati huu wamo wasichana ambao wajomba na baba zao walibaki makaburini Kivu au wamepotea njiani. Mwaka 2022 polisi wa Malawi na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia dawa za kulevya na uhalifu walitangaza kwamba zaidi ya watu 90 walikuwa wameokolewa mikononi mwa mtandao wa kuuza binadamu uliofanya kazi humu. Wasio na wa kuwasemea huonwa upesi na wenye nia mbaya.

Lakini sitaki kuzungumzia wahalifu, kwa maana uovu wao hauna mjadala. Nataka kuzungumzia posa za kawaida. Mposaji wa siku hizi hana tembo wala mizinga. Ana duka, au ana ndugu aliyeko Kanada atumaye fedha, au jina lake limo katika orodha ya watakaohamishiwa nchi ya tatu. Aweza kuwa mtu mwema kabisa. Msichana anasema ndiyo, na mama mlezi anapumua kwa kuwa mdomo mmoja umepungua katika mgao. Je, huyu ameoana au ameolewa tu? Siwezi kumjibia. Ziko ndoa za namna hii zilizojaa upendo, na haifai kumdhania mabaya kila mwenye uwezo. Lakini kipimo ni kilekile: lau angekataa, angekula nini na angelala wapi? Ikiwa hatuna jibu, basi wajibu ni wetu kabla haujawa wake.

Sheria inatuunga mkono. Katiba ya Malawi yakataza mtu kulazimishwa kuoa au kuolewa, na sheria ya ndoa ya mwaka 2015 iliweka umri wa miaka 18. Iko pia mifano ya watu. Huko Dedza, katika kiti cha Wangoni wa Maseko, mwanamke Theresa Kachindamoto alitawazwa mwaka 2003. Alivunja mamia ya ndoa za utotoni na kuwarudisha wasichana shuleni. Kiti kilichosimikwa na mikuki kikatumika kuwapa wasichana neno hapana, tena pamoja na mahali pa kwenda baada ya kulisema, yaani darasa. Angalieni kwamba hakuishia kuwaambia wakatae. Alipunguza gharama ya kukataa.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu. Dzaleka, Kiswahili ndicho kiunganishacho Mbembe, Mrundi na Mnyarwanda, na mara nyingi sisi ndio tunaoitwa kutafsiri penye mazungumzo ya posa, ofisini au kwa mwenyeji wa kijiji asemaye Chichewa. Mara nyingi mfasiri hupokea neno la mjomba wa kuazima na kulipeleka kana kwamba ni la binti. Nashauri tusifanye hivyo. Mwenye kuitafsiri ndiyo ya mtu na aisikie kwanza kutoka kwake mwenyewe, wakiwa faragha na mwanamke anayemwamini, kwa lugha anayoiota usiku. Asiyekuwa na nkhoswe, tumtafutie. Anayesoma, tumpiganie amalize, kwa sababu msichana mwenye cheti na ufundi ana pa kusimama akiulizwa.

Na tunapowaonyesha wanafunzi sinema za wafalme na malkia, tusizizuie, kwani zina uzuri wake na zafundisha mengi. Tusitishe mjadala katika uzuri wa mavazi tu. Tuwaulize lile swali aliloliuliza mwenzao, tuwape muda wa kulijibu kwa sentensi kamili. Nawakaribisha walimu wenzangu, hasa wa Unguja, Songea na Kongo, walete visa vya kwao juu ya jambo hili, vitufae katika mafunzo yetu.